Weka safu ya namba za nasibu kabla ya kufuta safu nyingine

Unataka kujua ni safu zipi (column, yaani safu wima) za data yako zinazosaidia kweli kutabiri? Ongeza safu moja ya namba za nasibu (kwa NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ni mstari mmoja tu wa msimbo), fundisha upya modeli, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na data, kisha zipange safu zote kwa umuhimu. Yoyote inayoangukia chini ya hiyo ya nasibu, itilie shaka. Modeli ya miti ya uamuzi (inayogawa data hatua kwa hatua kwa maswali ya ndiyo au hapana) ukiipa safu yoyote ile itapata pa kukata, hata pasipo na maana, kwa hiyo safu ya nasibu inakuonyesha bahati tupu inaweza kufika wapi.

Ila chunga sana kipimo unachotumia. Kile cha feature_importances_ cha scikit-learn (maktaba ya Python ya kufundisha modeli) kwa modeli za miti hupendelea safu zenye thamani nyingi tofauti. Kwenye data maarufu ya abiria wa Titanic, safu ya nasibu hupanda hadi miongoni mwa zile za juu kabisa! Tumia permutation_importance ya maktaba hiyohiyo, tena kwenye data ambazo modeli haijawahi kuziona. Yenyewe huvuruga safu moja moja na kupima matokeo yanashuka kiasi gani.

Mbinu hii hukwama safu mbili zikibeba habari ileile, mathalani umri na mwaka wa kuzaliwa. Ukivuruga moja, modeli huegemea nyingine, na zote mbili zinaonekana hazina kazi. Toa moja kwanza, ndipo upime. Data zikiwa chache, rudia kwa mbegu kadhaa za nasibu (random seed, namba ya kuanzishia unasibu), maana mpangilio huyumba.