Sailensi imepanda baada ya kurudisha throtobodi? Tafuta hewa kwanza

Umefungua throtobodi (mlango wa hewa wa injini) ya Corolla yenye injini ya 5A-FE, umeisafisha na kuirudisha. Sasa injini ikiwa ya moto, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inakaa 1,800 kwa dakika badala ya 700 hadi 800. Wengi hapo hukimbilia ile skrubu ndogo inayozuia kipepeo (kibao cha ndani kinachofungua na kufunga hewa). Iacheni! Imepangwa kiwandani. Injini hii inatumia sensa ya MAP (inapima shinikizo la hewa baada ya kipepeo), kwa hiyo hewa ya ziada ikiingia kompyuta inaongeza petroli na mzunguko unapanda. Cha kujua ni hewa inapitia wapi.

Hatua ya 1. Subiri injini ipate moto. Ikiwa ya baridi, kukimbia kidogo ni kawaida.

Hatua ya 2. Zima, angalia kebo ya kanyagio cha mafuta. Lazima ilegee kidogo. Sukuma kipepeo upande wa kufunga. Kikisogea, kebo imevutwa mno au kuna kitu kinanata.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye kazi. Vua bomba la hewa, washa gari. Mdomoni mwa throtobodi, kabla ya kipepeo, kuna tundu la hewa ya sailensi. Lizibe kwa kidole gumba (mikono ya shati ikae mbali na feni na mikanda).

Mzunguko ukishuka sana au gari likizima, hewa inapita kwenye valvu ya sailensi: imekwama wazi, gasketi yake imekaa upande, au plagi yake haijachomekwa. Usiposikia tofauti, hewa inaingia nyuma ya kipepeo. Kagua gasketi ya throtobodi, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini) na ule wa busta ya breki. Mipira hiyo ibane kwa koleo mmoja mmoja, na maungio uyanyunyizie maji ya sabuni; yanaponyonywa, mlio hubadilika.

Sailensi ikipanda na kushuka yenyewe, usikimbilie kulaumu TPS (sensa inayoonyesha kipepeo kimefunguka kiasi gani). Kompyuta inaona umeachia kanyagio ilhali mzunguko uko juu, inakata petroli, kisha inairudisha. Hiyo bado ni hewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nilichomoa mipira ya maji chini ya throtobodi. Inahusiana?
Sana. Upepo ukibaki kwenye njia ya maji, sensa ya joto inasoma baridi na kompyuta inapandisha sailensi. Jaza kulanti (maji ya kupoza injini) injini ikiwa baridi, washa mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto, mpaka mapovu yaishe.

Yangu ni Nissan, haina kebo. Nimesafisha tu, inakaa 1,500.
Kompyuta ilishazoea kufungua kipepeo kufidia uchafu. Inahitaji kufundishwa upya hewa ya sailensi kwa mashine ya daignosisi. Na hicho kipepeo usikisukume kwa kidole, kinaendeshwa na mota.

Fundi anataka ninunue throtobodi ya mtumba.
Kidole gumba kwanza, kaka.

Skrubu nimeshaizungusha, nairudishaje?
Ilegeze mpaka kipepeo kifunge kabisa, ikaze iguse tu, ongeza kidogo sana kipepeo kisinate. Kama TPS ina nyaya nne, legeza skrubu zake mbili upime pini zake za IDL (inayoonyesha kipepeo kimefungwa) na E2 (ethi) kwa mita: kipepeo kikifungwa zipitishe umeme, kikifunguka kidogo ziache. Hapo ndipo ukaze.