Somo: Kagua laini zako kabla malipo ya korosho hayajaingia

Malipo ya mnada yakianza kuingia, na simu zinaanza: "Napiga kutoka chama cha msingi, malipo yako yamekwama, nitajie tarakimu nilizokutumia." Anakutaja jina, hata namba ya NIDA anayo. Mara nyingi taarifa hizo tumezigawa wenyewe.

1. Piga *106#, fuata maelekezo hadi penye laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Mwenye laini za mitandao miwili arudie kwa kila laini. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika (si kwa wakala wa mwavuli) waifute. Usiiache, mtu akitapeliwa kwa laini hiyo, polisi wanaanza na jina lako.

2. Ukifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari, itoe kabla hujaondoka. Nakala ya kitambulisho iliyotoka vibaya ondoka nayo. Karatasi hizo ndizo zinazofungia vitumbua.

3. Namba ya siri hapewi mtu, hata mwanao. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

MASWALI YA WANACHAMA

Newala: Mwalimu, mimi nabangua korosho, vidole vimeliwa na mafuta ya ganda. Nikisajili laini, wakala kila mara anasema "haijasoma, weka tena". Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Dada, ujanja wao uko hapo hapo. Inaweza kuwa kweli haijasoma, na inaweza kuwa kidole cha pili kinasajili laini ya pili. Mwambie akugeuzie simu usome kilichoandikwa kabla hujaweka tena. Jaribu kidole kingine ambacho hakijaungua. Kabla hujainuka piga *106#, na jioni urudie. Ukiomba laini moja zikaonekana mbili, unajua pa kumpata.

Lindi mjini: Laini yangu imekata mtandao ghafla, wenzangu wanapata. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri. Huenda mtu amerenew laini yako kwenye kadi yake. Azima simu, piga huduma kwa wateja waifunge, kisha benki.

Nachingwea: Chama chetu kimebandika ukutani majina, simu na akaunti zetu. Inaruhusiwa?

Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde. Anzeni na katibu: abandike majina na kilo, akaunti na simu azitoe. Akigoma, pelekeni malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mpige picha tangazo kabla hajalibandua.