SOMO: Kujadili mkataba wa huduma za wingu, na kuusimamia baada ya kusaini

Wengi wetu tukipewa mkataba wa wingu, yaani wa kukodi seva na hifadhi ya data kupitia mtandao, tunatafuta namba moja tu: asilimia ya huduma kuwa hewani. Tukiiona 99.9, tunasaini. Nawaombeni muanze kuusoma nyuma, pale panapoeleza mtaachanaje, ndipo mrudi kwenye asilimia.

Hatua ya 1: Jua unachokihitaji. Orodhesha mifumo yako. Kila mmoja ukizimika, kazi inavumilia muda gani? Data ya muda gani mnaweza kuipoteza mkaendelea? Bila majibu hayo utajadili bei peke yake, na kwenye bei muuzaji amejiandaa kuliko wewe.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa dakika. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Kwa hiyo 99.9 inamruhusu mtoa huduma kuzimika dakika 43 kwa mwezi, 99.99 dakika 4 na ushei, na 99 kavu saa 7 na dakika 12. Mifumo inayotegemeana hushusha ahadi zaidi: seva ya 99.9 ikitegemea hifadhidata ya 99.9, pamoja unapata kama 99.8.

Kisha soma masharti ya namba yenyewe. AWS, wingu la Amazon, huahidi 99.99 kwa seva zake za kukodi, EC2, zilizosambazwa kwenye maeneo mawili au zaidi ya kanda moja. Seva moja iliyosimama peke yake huahidiwa 99.5, yaani zaidi ya saa tatu na nusu za giza kwa mwezi bila mkataba kuvunjwa. Angalia pia nini hakihesabiwi. Matengenezo yaliyotangazwa na makosa ya mteja kwa kawaida hayamo.

Hatua ya 3: Fidia. Karibu kila mara si fedha mkononi, ni punguzo kwenye bili ijayo, na lazima uliombe mwenyewe kabla ya muda kupita. Mimi nilikosa fidia ya halali kwa sababu sikuwa na kumbukumbu ya saa tulizozimika. Iliniuma sana.

Hatua ya 4: Mlango wa kutokea. Hapa ndipo pa kukaza. Yaandikwe haya: data itatolewa kwa muundo gani, utapewa siku ngapi kuihamisha, ada ya kuitoa ni kiasi gani, na itafutwa lini kwa uthibitisho. Mwaka 2024 Google, AWS na Microsoft walitangaza kuondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama kabisa, ila kwa utaratibu wao, kwa hiyo usome. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake ya data, inayotumika tangu Septemba 12, 2025, inaweka ukomo wa notisi ya kuhama kuwa miezi miwili, na kuanzia Januari 12, 2027 ada za kuhama zinapigwa marufuku.

Hatua ya 5: Simamia. Pima upatikanaji kwa kifaa chako, kikae nje ya wingu hilohilo. Weka tarehe ya mkataba kujihuisha kwenye kalenda, miezi mitatu kabla. Bili ipitiwe kila mwezi na mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sisi ni wateja wadogo. Nani atakubali kutubadilishia kipengele?*

Mkataba wa msingi hawataugusa, ndugu yangu. Lakini punguzo la kujifunga mwaka mmoja au mitatu, kiwango cha msaada na masharti ya malipo vinajadilika, hasa ukipitia wakala. Usijifunge kwa matumizi unayoyatarajia. Jifunge kwa kiwango ambacho matumizi yako hayajawahi kushuka chini yake.

*Nakala rudufu si jukumu lao?*

Hapana, labda uwe umeinunua na imeandikwa. Machi 10, 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya wingu ya Ufaransa, huko Strasbourg, na wako wateja waliopoteza data moja kwa moja. Nakala yako ikae mahali pengine kabisa.

*Mwalimu, tumeshasaini mwaka jana bila kuyaangalia haya. Tufanyeje?*

Tafuteni leo tarehe ya mwisho ya kutoa notisi. Halafu hamisheni mfumo mmoja mdogo kama majaribio, mkiandika siku na gharama zilizotumika. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoingia nayo kwenye mazungumzo ya kuhuisha.