Somo: Kutunza barua na picha za ukoo nchini Ireland

Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, hifadhi ya nyaraka za taifa kwenye majengo ya Four Courts, Dublin, iliteketea. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikaishia humo. Kwa hiyo barua ya shangazi aliyehamia Boston huenda ina habari za ukoo zisizopatikana ofisi yoyote.

Hatua ya 1: Anza na wazee, skana itasubiri. Picha moja baada ya nyingine, uliza huyu ni nani, wa kijiji gani, mtoto wa nani. Usiridhike na "Patrick" au "Mary" tu. Majina hayo yamejaa kila kizazi. Andika nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, kwani wino hupenya. Kisha linganisha na sensa za 1901 na 1911, ambazo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa imeziweka mtandaoni bure.

Hatua ya 2: Toa pini na klipu, kutu hula karatasi; toa na mipira ya kufungia. Selotepu ni marufuku, hata barua ikichanika. Bahasha usitupe: muhuri wa posta unataja mji na tarehe.

Hatua ya 3: Nchi ile ina unyevu, na darini ndiko familia nyingi hutupia makasha. Yashushe. Kabati la chumbani, lisilogusa ukuta wa nje, linatosha. Nunua makasha yasiyo na asidi. Plastiki ya PVC iepuke.

Hatua ya 4: Skani kwa nukta 600 kwa inchi, nakala moja ikae nyumba nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, picha zimenasa kwenye albamu ya gundi. Nizibandue?
Usivute, ndugu yangu. Kwanza piga picha ukurasa mzima. Halafu pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole. Zikigoma, mwachie fundi wa uhifadhi.

Barua alizopokea bibi naweza kuzichapisha?
Karatasi ni yenu, lakini maneno ni ya mwandishi na warithi wake mpaka miaka 70 baada ya kifo chake. Watafuteni.

Wanangu hawazitaki kabisa. Nifanyeje?
Waulize Maktaba ya Taifa, Dublin, au maktaba ya kaunti. Kwa Ireland ya Kaskazini, PRONI, yaani hifadhi ya nyaraka za umma ya huko, iliyoko Belfast. Hawapokei kila kitu, kwa hiyo piga simu kabla hujabeba kasha.