Kumlea Mtoto kwa Amana: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Lamu

Anayetaka kumfundisha mtoto uaminifu na amkabidhi kitu cha mtu mwingine, amwache akitunze, kisha amuulize habari zake. Jambo hilo wazee wetu waliliita amana, nalo lafaa nyumbani, chuoni (yaani madrasani) na shuleni vilevile.

Anza na amana ndogo. Mtume mtoto wa miaka saba akanunue mahamri ya shilingi 50, umpe noti ya shilingi 100. Kabla hajatoka, mwambie atarudisha kiasi gani, na umsikilize akirudia kwa kinywa chake. Akirudi, weka kando ulilokuwa ukilifanya, pokea chenji, ihesabu mbele yake, kisha mshukuru kwa kulitaja tendo lenyewe: "Umerudisha shilingi hamsini kamili, ahsante." Wengi wetu hukosea papo hapo, kwa kuwa hupokea chenji huku macho yako kwenye simu, na mtoto akaelewa kwamba hesabu ile haikuwa na maana.

Siku itakayopungua shilingi kumi ndiyo siku ya malezi hasa. Usimwite mwizi. Katika mji wenye njia nyembamba kama wetu, neno hilo likitamkwa mlangoni asubuhi, adhuhuri limeshafika mabarazani, na mtoto hulibeba kama jina. Mwingize ndani, mkalishe karibu nawe. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alianza kwa kumwita asogee, na mimi naamini kwamba mpangilio ule ulikuwa na hekima yake: ukaribu kwanza, maneno baadaye. Mwambie, "Njoo tuhesabu pamoja," kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akikiri kwamba amenunua achari ya embe, mshukuru kwa kusema kweli kabla ya kutaja kosa, halafu mpe njia ya kulipa, kama vile kuteka maji au kufagia ukumbi. Kesho yake mtume tena kwa noti ileile. Kumtuma tena ni kugumu kuliko yote, lakini usipomtuma atajua kwamba deni lake halilipiki.

Mtoto mkubwa apewe amana yenye uhai. Kama kuna punda nyumbani, basi kumtua mzigo, kumnywesha na kumkagua mgongo jioni kuwe kazi yake, na akiona kidonda ampeleke yeye mwenyewe kwenye hospitali ya punda, ambayo imekuwapo mjini tangu mwaka 1987.

Kwa upande wa shule, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umetaja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Kuyabandika ukutani hakutoshi. Mwalimu na achague moja kwa muhula na kuliwekea kazi, kwa mfano ufunguo wa kabati la vitabu ushikwe kwa zamu, na kila Ijumaa mwenye zamu awaeleze wenzake ni vitabu vingapi vimetoka na vingapi vimerudi. Fimbo isirudishwe kwa mlango wa nyuma. Sheria iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na hata bila sheria, mtoto anayeogopa fimbo hujifunza kuangalia nani anamwona, basi. Mzazi naye amwambie mwalimu wa chuo na wa shule ni amana gani mtoto anayo nyumbani, ili wote watatu wamuulize jambo moja.

Nanyi watu wazima, mkikosa, ombeni radhi palepale mlipokosea. Niliwahi kumlaumu mwanafunzi mbele ya darasa kwa kalamu iliyopotea, kisha nikaikuta ndani ya mkoba wangu. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa lilelile nikamwambia, "Nimekukosea, niwie radhi." Alitazama chini, hakujibu. Majuma machache baadaye alinifuata chini ya mwarobaini akasema kwamba amevunja rula ya mwenzake na hajui amwambie vipi. Tukaenda pamoja, mimi nikasimama pembeni, na akasema yeye mwenyewe.