Jinsi ya Kuwakutanisha Wakazi wa Mji na Historia Yao kwa Sanaa ya Jamii

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukisaidia kikundi cha vijana waliotaka kuchora historia ya mtaa wao ukutani, na ambao walikuwa wamekwisha kununua rangi kabla ya kuzungumza na mkazi hata mmoja. Shauku yao ilikuwa ya kweli, ila mfuatano wa kazi ulikuwa umegeuka. Msimamo wangu ni kwamba sanaa ya aina hii huanza kwa kusikiliza, huendelea kwa kuhakiki, na brashi huja mwishoni. Mkazi anayealikwa siku ya uzinduzi pekee ni mtazamaji, hata kama picha iliyo ukutani ni ya babu yake.

Hatua ya 1: Chagua mahali padogo na swali moja

Historia ya mji mzima haibebeki na mradi mmoja. Chagua soko, kituo cha reli, kiwanda kilichofungwa au barabara moja, kisha uunde swali ambalo mkazi wa kawaida anaweza kulijibu kutokana na maisha yake mwenyewe. Ukimwambia mtu akueleze historia ya kiwanda, atakuelekeza kwa mwalimu au kwa mzee maarufu. Ukimwuliza ni nani waliofanya kazi pale na walikwenda wapi milango ilipofungwa, ataanza kutaja majina.

Hatua ya 2: Pata ruhusa

Ipate kwa maandishi, kutoka kwa mwenye jengo na kutoka kwa mamlaka ya mji.

Hatua ya 3: Tandaza ramani sakafuni

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na sijaona programu ya simu inayoifikia. Katika makumbusho ya District Six mjini Cape Town, yaliyofunguliwa mwaka 1994 ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Kimethodisti, sakafu imefunikwa kwa ramani kubwa ya mtaa ambao serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza kuwa wa Wazungu mwaka 1966, ikawahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 60,000. Waliokuwa wakazi waliandika majina yao juu ya ramani hiyo, mahali nyumba zao ziliposimama.

Tafuta ramani ya zamani ya eneo lako katika maktaba au hifadhi ya nyaraka, uikuze hadi watu kadhaa waweze kuizunguka bila kusukumana, na uichapishe kwenye karatasi ngumu. Weka kalamu za wino mzito za rangi mbalimbali, rangi moja kwa kila muongo. Weka pia viti, kwa sababu wazee hawawezi kuinama kwa muda mrefu, na umteue kijana wa kuandika kwa niaba ya asiyependa kuandika. Kisha nyamaza. Mzee ataweka kidole kwenye njia panda, atakisogeza kidogo, atasema lango la soko lilikuwa hapa. Jirani yake atakishika kidole hicho na kukirudisha upande wa pili wa barabara. Usimsahihishe yeyote kati yao. Andika maelezo yote mawili, kila moja na jina la aliyeyatoa.

Hatua ya 4: Rekodi mahojiano

Tumia kinasa sauti chenye maikrofoni ya kubana kwenye nguo, hifadhi faili katika muundo wa WAV, ambao haupunguzi ubora wa sauti, na tengeneza nakala mbili siku hiyohiyo. Mahojiano yafanyike nyumbani kwa msimulizi, penye picha na vyeti vyake.

Idhini usiichukue kwa saini moja ya jumla. Uliza kila jambo peke yake: kurekodiwa, kutumia jina, kutumia picha, kugeuzwa simulizi kuwa mchezo au mchoro, na kuwekwa intaneti. Wapo wanaokubali sauti yao isikike ukumbini lakini hawataki sura yao ikae ukutani kwa miaka.

Hatua ya 5: Hakiki kumbukumbu, hasa zinazogongana

Hatua hii ndiyo inayokula muda, na miradi mingi huiruka. Ukiiruka, mtu atasimama mbele ya mchoro uliokwisha kukauka na kusema jambo hilo halikutokea hivyo.

Anza kwa kugawa maelezo katika mafungu matatu: yaliyo na nyaraka, yanayosemwa na watu wengi bila nyaraka, na yanayosemwa na mtu mmoja. Fungu la pili lina mtego. Watu wawili waliokaa pamoja kwenye ramani si mashahidi wawili, kwa kuwa mmoja amekwisha kumsikia mwenzake. Ndiyo maana ninasisitiza kuandika ni nani aliyesema nini, siku gani, na mbele ya nani.

Nyaraka nazo zisiaminiwe kwa macho yaliyofumbwa. Ramani za mipango miji huonyesha barabara ambazo hazikujengwa kamwe. Orodha za anwani mara nyingi humtaja mwenye nyumba na kumwacha mpangaji. Tarehe iliyoandikwa nyuma ya picha inaweza kuwa ya siku iliposafishwa, au ya siku ambayo mjukuu aliamua kupanga albamu. Isome picha yenyewe: mabango ya maduka, nguzo za umeme, aina za magari, jengo ambalo bado halijaongezwa ghorofa. Angalia pia kama filamu iliwekwa kinyume wakati wa kusafisha, kushoto kukawa kulia. Maandishi ya bango yatakuonyesha mara moja, na pasipo na bango tazama mashati ya wanaume yamefungwa vifungo upande upi. Picha iliyogeuzwa inaweza kuwafanya wazee wawili wabishane kuhusu upande wa barabara, ilhali wote wawili wanakumbuka vizuri.

Baada ya yote hayo, litabaki fungu la kumbukumbu ambazo nyaraka zinazipinga waziwazi. Usizitupe. Katika mji wa Terni, nchini Italia, mfanyakazi kijana wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi hiyo kujiunga na NATO. Mwanahistoria Alessandro Portelli alipowahoji watu wa mji huo miaka mingi baadaye, wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, katika machafuko yaliyofuata kufukuzwa kazi kwa wafanyakazi wengi wa kiwanda hicho. Tarehe hiyo si sahihi, lakini inatuonyesha tukio ambalo mji uliliona kuwa jeraha lake kubwa, hata ukakihamishia kifo hicho huko. Kwa hiyo katika kazi yako iweke tarehe ya nyaraka kwenye kibao cha maelezo, na uiache sauti ya msimulizi iseme inavyokumbuka, mradi msikilizaji aweze kutofautisha viwili hivyo.

Yako mambo mawili ambayo siyapeleki ukutani wala jukwaani: tuhuma dhidi ya mtu aliye hai anayetambulika, na siri ya familia iliyosimuliwa na mtu asiyekuwa mwenye siri hiyo. Na kabla ya kuendelea na hatua inayofuata, mrudie kila msimulizi, umsomee sehemu yake kama itakavyotumika, na umpe nafasi ya kubadilisha au kuiondoa kabisa.

Hatua ya 6: Chagua sanaa inayohitaji mikono mingi

Jiulize swali moja tu: je, kazi hii inaweza kukamilika bila wakazi? Kama inaweza, chagua nyingine. Msanii Judith Baca alipoanza mwaka 1976 mchoro mrefu wa historia ya Los Angeles katika mfereji wa Tujunga Wash, wachoraji wake walikuwa vijana wa jiji hilo, na katika misimu kadhaa ya joto zaidi ya 400 walishiriki hadi mchoro ukapita mita 800. Upande wa tamthilia, mwandishi Ann Jellicoe aliandaa mwaka 1978 mchezo wa wakazi wa Lyme Regis, Uingereza, ambao watazamaji wake walisimama na kutembea katikati ya waigizaji. Mtindo huo ninaupendelea kuliko jukwaa lililoinuliwa, kwa kuwa mtazamaji hujikuta ndani ya tukio.

Kwa michoro, ninashauri msichore moja kwa moja ukutani. Mural Arts, mradi wa michoro ya ukutani wa jiji la Philadelphia, Marekani, hutumia kitambaa chepesi kisichofumwa kilichokatwa vipande, ambacho huchorwa ndani ya ukumbi, maeneo ya rangi yakiwa na namba, kisha hubandikwa ukutani kwa jeli ya akriliki inayofanya kazi ya gundi. Kwa njia hii bibi asiyeweza kupanda kiunzi hukaa mezani na kupaka rangi, na mvua haisimamishi kazi.

Hatua ya 7: Andaa ukuta

Plasta mpya iachwe takribani siku 28. Ukuta wa zamani upimwe unyevu kwa kubandika kipande cha plastiki, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe wa gundi, usiku kucha. Ukikuta matone kwa ndani asubuhi, tafuta maji yanakotoka kabla ya kugusa gundi ya mchoro.

Hatua ya 8: Uzinduzi na hifadhi

Siku ya uzinduzi, waongoza wageni wawe wasimulizi wenyewe, kila mmoja akisimama kwenye sehemu yake. Ramani ya sakafuni irudishwe kwa siku hiyo pamoja na kalamu, kwani watakuja watu ambao hamkuwajua, na baadhi yao watakuwa na picha mfukoni. Rekodi zote, nakala za picha na fomu za idhini zikabidhiwe maktaba au hifadhi ya nyaraka ya mji, zikiwa na orodha inayoonyesha ni ipi inayoweza kusikilizwa na umma na ipi imefungwa kwa ombi la mwenyewe. Wasimulizi wapewe nakala za rekodi zao siku hiyohiyo, na kwenye makubaliano na mwenye jengo iandikwe ni nani atakayekarabati mchoro na kwa fedha zipi.