Kuivisha maharage kwenye kapu

Ukitaka kupunguza mkaa nyumbani, anza na maharage. Ni chakula kinachoula sana. Yaloweke usiku kucha, na maji yale mwagia mchicha. Asubuhi yabandike kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20 hivi. Hapo usibane matumizi: maharage mekundu yasipochemka sawasawa huumiza tumbo.

Kapu la ukindu lijaze matambara, chini na pande zote, juu yake utandike kanga kuukuu. Epua sufuria ingali inatokota, pangusa masizi na chembe zozote za moto, itumbukize bila kufunua mfuniko. Gandamiza mto wa sufi juu, uache saa 4 au zaidi, yaive kwa joto lililobaki humo bila moto. Sufuria iwe imejaa. Chakula kidogo hupoa upesi. Yakibaki magumu, yachemshe tena kidogo uyarudishe kapuni. Nyanya, chumvi na tui la nazi ni baadaye, yakishalainika.

Makaa yaliyosalia yafunikie ndani ya debe la bati, nje ya nyumba kwa sababu ya hewa yake ya sumu. Yatazimika yenyewe, na jioni utachemshia chai.